Pambo la Vijiti katika Nyumba ya Kupanga: Ni Anasa au Ni Haki?

Swali ninalokusudia kulijadili katika kurasa hizi ni dogo kwa umbo, lakini si jepesi. Mwanafunzi wa Kampala huenda akarudi nyumbani jioni akiwa amebeba kitu alichokitengeneza shuleni kwa vijiti vya mbao: fremu ya picha, kikasha cha kutilia kalamu, au rafu ndogo ya kuangikwa ukutani. Hukileta kwa furaha, akitaka kipate mahali pake. Naye mzazi, akiisha kukigeuzageuza mkononi, huenda akamwambia, "Kizuri, mwanangu. Lakini tukitundike wapi? Nyumba yenyewe si yetu."

Maneno hayo hayana chuki wala dharau. Yana mantiki yake. Chumba ni cha kupanga, kodi ya mwezi ujao haijapatikana, bati linavuja upande wa kitanda, na mwenye nyumba hataki misumari ukutani. Mtu aliye katika hali hiyo ana sababu gani ya kupamba? Je, pambo si anasa ya walioshiba? Na sisi walimu tuwafundishao watoto kazi hizi, je, tunawapa kitu cha kuwafaa, au tunawapotezea wakati na kuwatia wazazi wao gharama? Ndilo swali lenyewe, nami naomba tulitazame bila haraka.

Kwanza tukijue kitu tunachokizungumzia. Kijiti hicho ni kile kilicho bapa, chenye ncha za mviringo, urefu wake kama sentimita 11 na upana wake kama sentimita 1, ambacho watu wengi hukijua kwa sababu ndicho anachokishika mlaji wa aiskrimu. Masimulizi ya Wamarekani husema kwamba mwaka 1905 mtoto wa miaka 11 aitwaye Frank Epperson, huko California, aliacha kinywaji chake nje usiku wa baridi kali pamoja na kijiti cha kukorogea, na asubuhi akakikuta kimeganda juu ya kijiti. Alipokuwa mtu mzima alipata hataza ya barafu hiyo mwaka 1924. Basi kijiti kilianza maisha yake kikiwa kitu cha kutupwa mara utamu unapokwisha, na aliyekiokota akakiosha na kukitengenezea kitu kingine alifanya jambo la busara. Lakini siku hizi vijiti hivyo huuzwa vipya, kwa pakiti, katika maduka ya vifaa vya shule, wala havijapata kushika aiskrimu yoyote. Badiliko hilo lina uzito wake, nasi tutalirudia.

Namna ya kutengeneza fremu si siri ya fundi. Huchaguliwa vijiti visivyopinda. Vinne hupangwa mraba, ncha juu ya ncha, na pembe hutiwa gundi ya mbao. Safu ya pili hupangwa juu ya ile ya kwanza kwa kupishanisha viungo, ili penye pengo chini pazibwe juu. Kazi hulazwa chini ya vitabu vizito usiku kucha mpaka gundi ikauke, kisha kingo husuguliwa kwa msasa na uzi hufungwa nyuma. Asiyeweza kungoja usiku mmoja hupata fremu iliyopinda. Walimu wengi huchukua vijiti hivyo kufundishia kwamba kimoja huvunjika na vingi havivunjiki, yaani umoja ni nguvu. Fundisho hilo ni jema na la zamani, ila silo nilitafutalo hapa. Mimi nauliza juu ya ile fremu ikiisha kukauka: ina haki ya kuangikwa?

Sasa tuzisikilize hoja za wapinzani, maana hazikosi nguvu.

Hoja ya kwanza husema kwamba pambo ni anasa, na anasa ifuate haja. Mtu ale kwanza, alipe kodi, awalipie watoto karo, kisha ndipo afikirie urembo wa ukuta. Hoja hii huonekana kama ngazi: kipandio cha chini ni tumbo, cha juu ni uzuri. Kasoro yake ni kwamba haifanani na jinsi watu walivyoishi. Tazama vifuniko vya vyombo vya maziwa vya Ankole, vile vilivyosukwa kama pia iliyopinduliwa, vyenye mistari na pembe za rangi nyeusi na nyeupe. Kazi ya kifuniko ni kuzuia vumbi na nzi. Nzi hazuiwi na nakshi. Angezuiwa sawasawa na kifuniko kisichokuwa na mstari hata mmoja. Hata hivyo akina mama waliovisuka hawakungoja mpaka haja zote zitimie ndipo watie nakshi. Walitia nakshi ndani ya kazi yenyewe, siku ile ile, kwa mkono ule ule. Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa Makerere katika miaka ya 1930, alishirikiana na Klaus Wachsmann kutoa kitabu juu ya kazi za mikono za Uganda mwaka 1953. Na msomaji wake huona kwamba sehemu kubwa ya uzuri uliorekodiwa humo ulikuwa katika vyombo vya kila siku: vikapu, mikeka, vyungu, vibuyu. Hayakuwa mapambo ya matajiri. Yalikuwa maisha ya watu.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Ingia katika chumba kimoja cha kupanga huko Katwe, Kamwokya au Bwaise, kile ambacho wenyeji wa Kampala hukiita muzigo, jina ambalo sikio la Mswahili haliwezi kulisikia bila kufikiri juu ya mzigo wa kichwani. Mara nyingi utakuta vitambaa vilivyofumwa kwa uzi vimetandazwa juu ya viti, kalenda ya miaka iliyopita bado iko ukutani kwa ajili ya picha yake, na pazia limegawa chumba ili wageni wasione kitanda. Mwenye chumba hakungoja kutajirika. Kama pambo lingekuwa la walioshiba tu, vitambaa hivyo visingekuwapo. Kwa hiyo hoja ya kwanza inatufundisha kuchunga fedha, nalo ni fundisho la haki, lakini haithibitishi kwamba kupamba ni upuuzi.

Hoja ya pili ni ya maadili zaidi. Husema kwamba pambo ni mtoto wa kiburi: watu hupamba ili waonekane, na waonekane ili wawapite wenzao. Hoja hii nayo ina ushahidi, tena ushahidi wa kwetu sisi tusomao Kiswahili. Katika nyumba za mawe za Lamu na miji mingine ya pwani, kuta za vyumba vya ndani zilichongwa zidaka, yaani vijishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu juu ya safu, navyo vilipambwa kwa sahani na bakuli za kigeni zilizoletwa na vyombo vya baharini. Uzuri wake haukanushiki. Lakini nyumba hizo zilikuwa za waungwana, na uzuri huo ulikuwa pia mpaka: huku mwenye zidaka, kule asiyekuwa nazo. Milango iliyochongwa ilisema jambo hilo hilo kwa mpita njia. Yamkini ndiyo sababu wahenga walituachia onyo kwamba nyumba njema si mlango.

Methali hiyo hufundishwa mara nyingi kana kwamba inalaani urembo. Mimi naisoma vingine. Haisemi kwamba mlango mzuri ni mbaya. Husema kwamba mlango si nyumba. Humwambia mtu afungue aingie ndani, na ndani ndipo tunapokutana na swali letu. Pambo la mlangoni hutazamwa na wapitao. Pambo la ndani hutazamwa na wakaao. Fremu ya vijiti aliyoitengeneza mtoto na kutiwa picha ya bibi yake aliyebaki Masaka haiwezi kumtisha jirani. Haina bei. Viungo vyake vinaonekana, gundi imevuja pembeni, mstari mmoja umekwenda upande. Haiwezi kumdanganya mtu kwamba mwenye nyumba ni tajiri. Ndiyo maana nasema kitu rahisi kilichotengenezwa kwa mkono kina usalama wa namna yake katika jambo hili la kiburi: hakina uwezo wa kusema uongo juu ya mwenyewe.

Hapa lakini yapasa tuwe waangalifu, maana ndipo pakiti ile ya dukani inaporudi. Kijiti kilichookotwa na kile kilichonunuliwa hufanana machoni, ila havifanani katika maadili. Mwalimu akiwaagiza watoto 60 walete kila mmoja pakiti ya vijiti, chupa ya gundi na rangi za maji, amekwisha kuwagawa kabla kazi haijaanza: wako walioleta, wako walioleta nusu, na wako waliokaa kimya nyuma ya darasa. Pambo lililokusudiwa kuwa la wote limekuwa kidaka kingine. Nchini Kenya, tangu mtaala wa umilisi uanze kutumika, wazazi wamelalamika hadharani juu ya vifaa vya kununua kwa ajili ya kazi za watoto, na juu ya kazi ambazo mwishowe hufanywa na wazazi wenyewe usiku wa manane. Uganda nayo, katika mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020, imeipa kazi ya mradi nafasi kubwa. Tusingoje mpaka malalamiko yatufikie ndipo tufikiri.

Tena nchi hii haina uhaba wa vijiti. Matete yamejaa mabondeni, na watu wa Buganda wameyatumia kwa ua na kwa kuta tangu zamani. Kando ya barabara ya Jinja, pale Namawojjolo, na kando ya barabara ya Masaka, pale Lukaya, abiria hununua nyama na kuku waliochomwa vijitini kupitia madirisha ya magari. Nyama ikiisha, kijiti hutupwa. Nyama hiyo huitwa muchomo, neno ambalo mwalimu wa Kiswahili hulitambua mara moja. Vijiti hivyo vikichemshwa na kuanikwa juani hufaa kwa kikasha na kwa rafu, na matete yaliyopasuliwa hufaa kwa fremu. Havina ncha za mviringo kama vile vya pakiti, na kazi yake haitafanana na picha iliyotoka ng'ambo. Kutofanana huko si aibu.

Hoja ya tatu ndiyo ile ya mzazi wetu: nyumba si yetu. Kwa nini mtu apambe mahali atakapoondoka? Leo yuko Bwaise, mwakani yuko Kyebando. Akipaka rangi amempakia mwenye nyumba. Hoja hii ndiyo nzito kupita zote mbili zilizotangulia, kwa sababu haimtuhumu mpangaji kwa kiburi wala kwa israfu. Humwambia tu kwamba hana mahali.

Nitaijibu kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya lugha. Tuliangalie neno lenyewe, kupamba. Katika Kiswahili hupambwa nyumba, hupambwa meza, hupambwa maneno. Lakini watu wanaopambwa kwa heshima kubwa kuliko wengine ni wawili. Mmoja ni bibi harusi. Mwingine ni maiti, ambaye akiisha kuoshwa hupambwa kwa pamba na manukato kabla ya kuvikwa sanda. Angalia kwamba wote wawili ni wapitaji. Bibi harusi yu karibu kutoka katika nyumba ya wazazi wake, na maiti yu karibu kutoka duniani. Hakuna asemaye, "Kwa nini tumpambe, naye anaondoka?" Anapambwa kwa sababu anaondoka. Desturi zetu, basi, hazijui ile kanuni isemayo kwamba pambo ni la kidumucho. Zinapamba kile kinachostahili heshima, kidumu kisidumu.

Njia ya pili iko juu ya kilima cha Kasubi, hapa hapa Kampala. Nyumba kuu ya makaburi ya Makabaka, iitwayo Muzibu Azaala Mpanga, ilijengwa na Kabaka Muteesa wa Kwanza mwaka 1882 iwe jumba lake. Alipofariki mwaka 1884 akazikwa humo, na baada yake wakazikwa Mwanga wa Pili, Daudi Chwa wa Pili na Muteesa wa Pili. Mtu aliyezoea majumba ya kifalme ya nchi nyingine angetazamia mawe na marumaru. Haikuwa hivyo. Ni miti, matete, nyasi na nguo za gome la mti. Ndani ya paa lake mna pete 52 za matete yaliyofungwa pamoja, nazo ni ishara ya koo 52 za Baganda. Yaani kitu kile kile ambacho mtoto wa shule angekichukua bondeni, kikifungwa kwa ustadi na kwa maana, kimebeba taifa zima kichwani pa wafalme.

Kuna jambo jingine la kuliangalia pale. Kwa desturi, kazi ya kuezeka nyasi ni ya ukoo wa Ngeye, na kazi ya kuzipamba nguzo na pete za ndani ni ya ukoo wa Ngo. Kuezeka huzuia mvua. Kupamba hakuzuii kitu. Hata hivyo kila kazi ilipewa ukoo wake. Waliogawa kazi hizo hawakuona kwamba kupamba ni jambo la kufanywa baadaye, wakati ukibaki.

Tena nyasi huoza. Matete huliwa na wadudu. Nyumba ya namna hiyo huishi kwa kufanywa upya, kizazi baada ya kizazi, na kila anayeipamba anajua kwamba kazi yake itaondolewa iwekwe nyingine. Shirika la UNESCO liliyaingiza makaburi ya Kasubi katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 nyumba hiyo iliteketea kwa moto. Je, waliozifunga zile pete walikuwa wamepoteza kazi yao bure? Watu hawakusema hivyo. Walianza tena, matete kwa matete, na mwaka 2023 UNESCO ikayaondoa makaburi hayo katika orodha ya urithi ulio hatarini. Ikiwa nyumba iliyo kuu kuliko zote kilimani ni ya vitu vipitavyo, na bado inapambwa, haiwezekani kumwambia mpangaji wa Bwaise kwamba hana haki ya kupamba kwa kuwa hatadumu pale. Hakuna adumuye. Tofauti kati yetu ni ya miezi na miaka.

Zaidi ya hayo, fremu ya vijiti ni nyepesi kuliko kitabu. Huangikwa kwa uzi kwenye upau wa paa pasipo msumari, na siku ya kuhama hufungwa pamoja na nguo. Chumba ni cha mwenye nyumba, lakini mpangilio uliomo ni wa anayekaa. Mtu anapoamua kwamba picha ya bibi ikae hapa na si pale, ametenda tendo ambalo hakuna kodi inayolinunua. Huyo si mtu aliyehifadhiwa tu mahali kama gunia ghalani.

Imebaki hoja ya nne, nayo husemwa na rafiki za maskini, si na adui zao. Wao huuliza: je, mafundisho haya si ya kumliwaza mtu ili asahau haki yake? Maji ya mvua huingia vyumbani Bwaise kwa kuwa ni bondeni na mifereji haitoshi. Mtoto amesimama katika maji, na mwalimu anamfundisha kutengeneza ua la vijiti. Si dhihaka hiyo? Hoja hii yatupasa tuipokee kwa unyenyekevu, maana ni kweli kwamba pambo laweza kutumika vibaya. Kuna pambo linaloangikwa mahali pazuri ili paonekane, na kuna pambo linaloangikwa juu ya ufa ili ufa usionekane. La pili si pambo bali ni kifuniko. Mwenye nyumba anayemsifu mpangaji kwa vitambaa vyake, huku ukuta unaloa, anataka kifuniko. Na mwalimu anayesifu ubunifu wa maskini bila kuutaja umaskini wenyewe anafanya vivyo hivyo.

Hata hivyo siamini kwamba dawa yake ni kuacha kupamba. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya Uganda, ya mwaka 2022, inamtaka mwenye nyumba ahakikishe kwamba jengo analolipangisha linafaa kwa makazi ya binadamu. Maneno hayo ni mazuri, ila hayasimami yenyewe. Yanahitaji mtu wa kudai, na mtu hudai kwa ajili ya kitu anachokiheshimu. Aliyekizoea chumba kama mahali pa kulala tu, mvua ikiingia huinua godoro akangoja. Aliyeweka rafu ya mwanawe ukutani, na juu yake vitabu vinne, ana cha kuonyesha anaposema kwamba pale panakaa watu. Sisemi kwamba pambo huzaa haki. Yangekuwa maneno matupu. Nasema kwamba kudai na kupamba hutoka katika shina moja, nalo ni kujiona kuwa mtu. Mwalimu asimfundishe mtoto moja akamnyima lingine. Siku moja afundishwe kutengeneza fremu, na siku nyingine afundishwe, kwa Kiswahili sanifu, kuandika barua ya adabu na thabiti kwa mwenye nyumba juu ya bati linalovuja. Barua hiyo ni insha kama insha nyingine, nayo ina faida kupita nyingi.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la kichwa cha makala ni kwamba pambo la vijiti katika nyumba ya kupanga si anasa, bali ni haki, kwa masharti matatu. Lisiwe la kununuliwa kwa shida ya mwingine. Lisiwe la kuficha kasoro ya mtu mwingine apaswaye kuirekebisha. Na liwe limefanywa na yule ambaye litaitwa kwa jina lake. Maana fremu iliyotengenezwa na baba ili mtoto apate alama ni uongo uliotiwa gundi, hata ikiwa imenyooka.

Masharti hayo yanatugusa sisi walimu wa lugha kwa karibu. Kazi ya vijiti ni somo la Kiswahili lisilohitaji kitabu. Ngeli ya KI-VI iko mkononi mwa mwanafunzi: kijiti kimepinda, vijiti vimepinda. Vitenzi vya kuamrisha huja vyenyewe anapomwelekeza mwenzake: panga, pishanisha, paka, subiri. Msamiati hupanuka anapotofautisha kijiti na njiti ya kiberiti, na njiti na ufito wa kujengea. Na akifika kwenye fito atakutana na methali iwakanyayo wanaojenga nyumba moja wasigombee fito, naye ataielewa kwa vidole vyake kabla ya kuielewa kwa daftari. Tunapopima kazi yake tusitazame unyoofu peke yake. Tumwulize: umeweka nini ndani ya fremu, na kwa nini? Jibu lake, likisemwa kwa sentensi tatu zilizokamilika, ndilo lenye kustahili alama.

Jambo la mwisho. Lugha tunayoifundisha nayo imeishi Kampala kama mpangaji. Ilitangazwa lugha ya taifa mwaka 1973. Mwaka 2005 marekebisho ya katiba yakaitaja kuwa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaelekeza ifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Katika miaka hiyo yote wapo waliouliza kwa nini mtu ajitaabishe kuisema vizuri, madhali si ya nyumbani. Yatosha kuisema ya sokoni na ya kambini, ieleweke, basi. Hoja hiyo ni ile ile ya mzazi wetu na fremu. Nasi tumeijibu kila asubuhi tuliposimama mbele ya darasa na kumsahihisha mtoto upatanisho wa kisarufi, bila kungoja kwanza hati ya kumiliki. Basi mtoto akija na fremu yake ya matete, iliyopinda upande mmoja, tumtafutie uzi.